Koili Uliyomsukia Naliaka

Rhonda, Nakuru
Novemba, 2008

Mpendwa Baba Naliaka,

Jana umepata barua. Imekuja na stempu ya Kanada, na jina lako limeandikwa kwa wino wa buluu, herufi kubwa zote, utadhani wewe ni mkubwa wa ofisi na si fundi wa mota wa Rhonda mwenye mafuta kwenye kucha. Bwana Harjit mwenye duka ameileta mwenyewe hadi mlangoni, kwa sababu ulitumia sanduku lake la posta. Nilimkataza kuvua viatu, akavua tu. Akasimama karibu na cherehani yangu, kilemba chake kikigusa sare za shule nilizotundika, akasema, "Mama, bwana yako aliandikia binti yangu mwezi wa pili. Ni mimi nilibandika stempu. Nikadhani ilipotea. Sasa binti amejibu, na hajui kama bwana yako... hajui."

Nikampa chai, akanywa nusu akaenda. Ile barua nikaiweka mezani nikawa naizunguka siku nzima kama paka na maziwa ya moto. Leo baada ya kanisa nimeifungua. Nisamehe. Wewe unajua nilivyokuwa nikikugombeza ukifungua zangu.

Nitakuambia kilichoandikwa, usiwe na haraka. Kwanza niache nikae nawe kidogo, kwa maana tangu uondoke nakuota ukiwa mweupe. Si mweupe wa malaika, usijisifu. Ni mweupe wa Kariandusi, wa siku zile ulizokuwa ukitengeneza mota za mgodi, ukirudi jioni umejaa ule udongo mwepesi kwenye nyusi na masikioni, nami nakuzuia mlangoni na kitambaa. Katika ndoto unasimama palepale mlangoni, nakupangusa, na kila nikipangusa unazidi kuwa mweupe, wala hatusemi kitu. Naamka nikiwa nimeshika shuka kama kitambaa.

Unakumbuka siku uliyotupeleka huko? Binti yetu Naliaka alikuwa na miaka mitano na alikuwa hajawahi kutoa sauti nyingine ila kilio. Tulishuka kwenye yale mashimo yenye kuta nyeupe pande zote, jua likawa linatoka juu na chini kwa pamoja, hata sikujua nikanyage wapi. Ndani ya handaki kulikuwa na baridi tamu. Naliaka aliuachia mkono wangu, akaenda akalaza shavu ukutani, akafumba macho. Tukadhani amechoka. Kumbe kule ndani zaidi kulikuwa na feni kubwa ya kuvuta vumbi, na mlio wake ulikuwa unapita kwenye ule udongo hadi kwenye shavu lake. Kisha akaanza kuvuma. Mvumo wa chini, mrefu, sawasawa kabisa na ile feni.

Ulinishika bega ukanong'ona, "Mama Naliaka, sikia. Mtoto ameshika sauti ya mota." Nilikutazama, na machozi yalikuwa yamekuchorea njia mbili katika ule unga wa usoni. Nilikucheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimejaa furaha hata sikujua niifanyie nini.

Mamako alisema mtoto amefungwa na mtu, atafutwe wa kumfungua. Mchungaji alimwombea, akamwekea mafuta, Naliaka akamng'ata kidole. Halafu yule daktari wa watoto aliyekuwa akija kliniki mara moja kwa mwezi akamwangalia akicheza na kifuniko cha sufuria, akaandika neno moja la Kiingereza, otizim, akasema si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kulogwa, na hakuna dawa. Neno la Kiswahili, usonji, nililisikia baadaye redioni. Nililisema peke yangu jikoni mara mbili tatu nione kama litanisaidia kitu. Ugali ukaungua.

Basi ukaacha kazi ya mgodi, ukafungua karakana yako hapa ili uwe karibu naye. Kibanda cha mabati, benchi moja, na harufu ya vanishi iliyoingia hadi kwenye mito yetu. Watu walileta mota za posho mill za kusaga mahindi, pampu za maji, feni za maduka ya Wahindi wa mjini. Unazifungua, unatoa shaba iliyoungua, unasuka nyaya mpya ziwe koili. Lakini ulikuwa na sheria yako, nami niliichukulia kama ushamba wa mafundi. Hakuna mota uliyoifungua kabla ya kuisikiza. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye sikio, unafumba macho kama mtu anayesali. Mteja akiharakisha, "Boss, fungua tu, hiyo imeungua," unamwinulia kidole anyamaze. Baadaye unasema, "Ukifungua mota nzima, wewe ndio utaiharibu."

Naliaka akaichukua hiyo sheria kama ndiyo amri ya kwanza. Ulimpa bisibisi ya zamani yenye mpini mwekundu, ile ya mbao. Anaweka ncha, anaweka sikio, halafu anavuma kile anachosikia. Mota ikiwa nzima, mvumo unakwenda moja kwa moja. Beringi ikiwa imekufa, mvumo unakwama, unaruka, unaanza tena. Wateja walikuwa wakicheka kwanza, halafu wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza, "Na mtoto amesema aje?" Hata cherehani yangu uliponiwekea kile kimota kidogo, yeye ndiye aliyekikagua. Wewe ulisema kiko sawa. Yeye akavuma, akakwama mara mbili. Ukakifungua ukakuta kweli, ukamwangalia ukasema kumbe kwa Kibukusu, "Khane!" Siku mbili ulitembea ukisema khane, khane, kama mtu aliyepata mali.

Sasa nije kwa lile gazeti lililoanzisha haya yote. Huo ulikuwa mwezi wa kumi mwaka jana. Bwana Harjit alileta mota ya feni ya dukani kwake, ameifunga kwa gazeti ambalo binti yake muuguzi alikuwa ametumia kufungia zawadi kutoka Kanada. Ukaanza kulisoma ukila githeri. Nilikuona ukija mbio saa saba ya mchana, sahani bado mkononi, nikajua karakana imeshika moto.

"Mama Naliaka, keti."

"Nimeketi. Kuna mtu hushona amesimama?"

"Hii kitu ni koili!"

"Kitu gani?"

"Ma-doctor wa huko majuu. Wanashika koili karibu na kichwa ya mtu, wanapitisha stima, sumaku inatoka inapita mfupa, inaenda inagusa ubongo. Hakuna kisu, hakuna dawa. Wameandika inasaidia wale watu wako na huzuni kubwa, na sasa wengine wanataka kuona kama inaweza saidia otizim. Otizim, Mama Naliaka! Na ni koili! Mimi si nasuka koili kila siku?"

Nilikunyang'anya lile gazeti nikasoma polepole, na Kiingereza changu cha darasa la nane. Ilikuwa kama ulivyosema. Ila chini yake waliandika kwamba haya bado ni majaribio, na kwamba hakuna anayejua. Wewe hapo ulikuwa umeruka kama mtu anayeruka dimbwi. Sikukurudisha. Nataka leo nikiri hilo mapema, kwa sababu huwa nasimulia watu kana kwamba wazimu ulikuwa wako peke yako. Niliuona ule mstari, nikalikunja gazeti ukiwa ndani.

Ulisuka ile koili kwa wiki nzima, saa za chakula cha mchana. Miduara miwili iliyogusana, kama namba nane iliyolala, maana ndivyo ilivyochorwa kwenye picha. Shaba mpya, si ya kutoa kwenye mota ya mtu. Uliifunga kwa uzi wangu mweupe wa kushonea kola, ukaipaka vanishi, ukaianika juu ya mabati ya jikoni. Jua la Novemba likawa linaipiga mchana kutwa. Nilikuwa natoka na beseni la nguo, naiona inameta pale juu, na moyo wangu unafanya mambo ambayo moyo wa mwanamke mzima haufai kufanya. Nilikuwa nishaanza kupanga tutazungumza nini. Nilikuwa na maswali ya miaka minane. Ningeanza na kwa nini hapendi viazi.

Naliaka mwenyewe aliipenda sana. Ulipoishusha aliichukua akachungulia kwenye tundu moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza, jioni nzima. Alituangalia kupitia humo. Si kawaida yake kutuangalia hivyo, unajua mwenyewe.

Halafu ukaijaribu kwako. Jumamosi, karakana imefungwa, mimi nikiwa mlangoni nimeshika Naliaka mkono. Uliiweka kwenye mkono wako wa kushoto, juu ya kiwiko, ukabonyeza swichi. Ikalia tak! Naliaka akaziba masikio. Na kidole chako gumba kikaruka. Chenyewe. Nilipiga kigelegele, Baba Naliaka. Kigelegele! Wewe ulibaki umekodolea kile kidole. Ukabonyeza tena, kikaruka tena. Ukachomoa waya ukutani, ukaifunga ile koili kwa kipande cha blanketi, ukaiweka kwenye sanduku la vifaa, ukapiga kufuli.

"Vipi?" nikakuuliza. "Si imefanya?"

"Imefanya."

"Sasa?"

"Kidole changu kimetii kitu ingine," ukasema. "Mimi sikukiambia kiruke."

Nikadhani umechoka. Nikasema Krismasi ipite.

Krismasi ikapita, kura zikapigwa, na kilichokuja baada ya kura sina hamu ya kukiandika. Wote tuliokuwa Nakuru mwezi ule wa kwanza tunakijua. Nitaandika kimoja tu, kwa sababu hiki ndicho kilichoniharibu. Unga ulikuwa umeisha. Nilitoka na Naliaka asubuhi moja palipoonekana pametulia, na tukirudi tukakuta vijana wamefunga barabara kwa mawe. Kila anayepita anasimamishwa, anaulizwa jina, anasemeshwa, wasikie ulimi wake unatoka wapi. Mimi nikajibu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini nilijibu. Kisha mmoja akamwinamia Naliaka.

"Na wewe? Sema jina."

Naliaka akatazama panga lake, si kwa woga, kwa vile lilivyokuwa linameta.

"Nimesema sema jina!"

"Hasemi, boss," nikasema. "Hajawahi sema. Ni mgonjwa."

"Hasemi ama unamficha? Wacha aseme mwenyewe."

Na mwanao akaanza kuvuma. Nilifumba macho. Baba Naliaka, katika maisha yangu sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba pale neno moja, jina lake tu, silabi nne. Ndipo mwingine aliyekuwa amekaa juu ya mawe akasema, "Achana na yeye, huyo ni mtoi wa fundi wa mota. Yeye hufanya tu hivyo. Alisikiza posho mill ya buda yangu." Kwa ajili ya posho mill ya babake, wakatupisha. Nilifika nyumbani nikiwa nimemwaga unga wote njiani, sikuhisi hata kidogo.

Wewe ulimketisha chini ya meza, ukamwekea mota ndogo ya majaribio imewashwa karibu yake, ukakaa naye hapo chini ukiwa umekunja magoti hadi mvumo wake ukatulia. Wakati huo mimi nilikuwa natazama sanduku la vifaa.

Mambo yalipopoa mwezi wa pili nikaanza. Nilikuanza asubuhi, nikakuanza mchana. Toa koili. Mjaribu. Mara moja tu. Wewe ukawa unakuna shaba tu. Mpaka siku ile nilipokuja mpaka karakana, mbele ya mteja, nikasema lile neno. Nitaliandika hapa kwa sababu limekaa kwangu kama mwiba uliovunjikia ndani. Nilisema, "Mota za watu unatengeneza. Wako mwenyewe umemwacha ameungua."

Mteja akatazama viatu vyake. Wewe ulifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, ukasema, "Nimemsikiza. Hajaungua. Sifungui."

"Unaogopa," nikakuambia.

"Ndiyo," ukasema, ukaendelea na kazi.

Nilikununia. Si kununa kwa siku mbili. Nilikupa chakula, nikakufulia, nikakujibu nikiulizwa. Unajua ninavyoweza. Hata Jumapili ile ya mwezi wa tatu, ulipojilaza kwenye benchi nje ya jikoni baada ya kanisa, shati limefunguliwa vifungo, nilikuwa nachambua mchele nimekupa mgongo nusu. Naliaka akaja na bisibisi yake ya mpini mwekundu. Akaweka ncha kifuani mwako, pole sana, kama anavyoweka kwenye mota ya mtu. Akaweka sikio. Akavuma.

Mvumo ulikwenda, ukakwama. Ukaruka. Ukaanza tena, ukakwama.

Ukacheka. "Ah, mama yangu," ukamwambia, "beringi za baba zimeisha. Niwekee grisi." Ukanitazama ili nicheke nawe. Nami nilisikia, na mzaha ulikuwa mzuri, na nilikaza midomo nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Naliaka hakutoka. Alirudia tena na tena, akaanza kukupiga kifuani kwa kiganja, akalia, mpaka nikaja nikamwondoa kwa nguvu nikasema amechoka na jua.

Siku kumi baadaye, saa nne asubuhi, mota ya pampu ikiwa inazunguka vizuri kwenye benchi, ulikaa kwenye kile kiti cha kreti ukaegemea ukuta. Mteja alidhani unasikiza. Daktari alisema ni moyo, umekuwa ukigonga vibaya kwa muda, na kwamba ungekuja mapema pengine wangejaribu kitu. Pengine. Sisemi mtoto wetu ni daktari. Ila nilimwondoa kwako siku ile akilia, na alikuwa ametuambia kwa lugha aliyo nayo, na sisi wawili ndio tuliokuwa watu pekee duniani wanaoijua.

Tulipokuzika kule nyumbani magharibi, nilirudi nikachukua ile bisibisi nikaifungia kwenye sanduku pamoja na koili. Naliaka alilitafuta lile sanduku na kulikalia. Miezi minane amelikalia, anavuma kidogo sana, na mimi nimejifanya sioni. Niliwaambia watu kwamba ina ncha, atajichoma. Uongo. Niliogopa aje aiweke kwangu. Au kwake mwenyewe, nisikie.

Haya, barua yako.

Huyu binti ana mwandiko mzuri. Anaomba radhi kwa kuchelewa. Anasema aliwatafuta madaktari wa hospitalini kwake kwa sababu hakutaka kukujibu kwa kubahatisha. Anakujibu swali kwa swali, ndipo nikajua uliuliza nini. Uliuliza ni stima kiasi gani na kwa muda gani. Anakusihi, na amepiga mstari chini, usijaribu koili yako kwa mtu yeyote, maana inaweza kumchoma au kumletea kifafa. Uliuliza kama inauma. Anasema inagonga kwa kelele karibu na sikio, watu huwekewa vizibo, wengine huumwa kichwa. Nilimwona Naliaka akiziba masikio siku ya kidole chako, nikaweka barua chini kidogo. Uliuliza kama itamfanya aseme. Anasema hakuna aliyemwahidi mtu hivyo. Ndio kwanza wanaanza kuuliza, na kwa watoto wadogo hawajafika. Labda siku moja itawasaidia wengine katika mambo fulani. Labda.

Halafu ameandika hivi, natafsiri niwezavyo: "Swali lako la mwisho ndilo lililonichelewesha. Uliuliza, mkishamtengeneza, bado atasikia mota? Nimewauliza watatu. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mmoja aliniomba nimpe aliandike, akasema hawajawahi kuulizwa."

Na mwisho kabisa: "Mwambie mkeo, uliyesema aliogopeshwa barabarani na kwamba nisimdhanie vibaya, kwamba sikumdhania."

Ulinitetea. Mwezi wa pili, mwezi nilioupitisha nikikupa chakula bila neno, wewe ulikaa mahali na kalamu ukaniombea heshima kwa mtu wa Kanada asiyenijua. Ungeniambia, Baba Naliaka! Ungenirushia hiyo barua usoni! Nimelia leo mpaka sare ya mtoto wa watu imelowa, na kesho ina mwenyewe.

Nisamehe lile neno la karakana. Nisamehe na ule mzaha wa grisi. Ulikuwa mzuri, nimeucheka leo, nimechelewa. Uliogopa vizuri kuliko nilivyokuwa jasiri.

Binti ameuliza pia kama tungependa aandike jina la Naliaka mahali, ili siku wakifikia watoto atukumbuke. Nimemjibu leo hii hii. Nimemwambia ulikolala. Nimemwambia aandike kwanza lile swali lako, na siku watakapopata jibu lake watutafute, tutakuja kuwasikiza kabla ya kufungua chochote. Nadhani ungekubali. Kama hukubali, nitokee ndotoni ukiwa na neno kwa mara moja, badala ya kusimama tu mlangoni ukinichafulia sakafu.

Nilipomaliza hiyo barua ya Kanada, na kabla sijaanza hii yako, nilimwinua Naliaka kutoka juu ya sanduku, nikafungua kufuli. Koili alinichomolea mkononi. Amekaa uani, amepata ncha ya waya, anaifumua mzunguko kwa mzunguko, na shaba yako sasa inazunguka mlimao, inapita chini ya kamba ya nguo, inarudi, inameta kila mahali. Nimemwacha. Kuku wanairuka.

Bisibisi niliishika mwenyewe kwa muda. Kisha nikakaa kwenye benchi lako, nikafungua kifungo cha juu, nikamwita. Akaacha waya akaja. Akaweka ncha kifuani pangu, pole, akaweka sikio, akafumba macho kama wewe. Nilikuwa natetemeka, nikahofia atadhani ndio ugonjwa. Akavuma. Nilingoja mvumo ukwame. Nikangoja. Ulikwenda, ukapita mlimao, ukapita mabati, ukaenda tu.

Nikadhani ndio basi, nikaanza kufunga kifungo. Akanizuia mkono. Akageuza bisibisi, akaweka ncha kifuani mwake mwenyewe, na mpini akausukuma sikioni mwangu, kwa nguvu kidogo, unajua hana adabu. Nikasikia. Du-du, du-du, upesi, safi, na chini yake kitu kama feni ya Kariandusi. Miaka tisa nimemwomba aniambie, na sikuwahi kuweka sikio hapo.

Akanitazama mdomo. Alikuwa anangoja. Basi nikavuma, mimi mama mzima wa kwaya, nikavuma kama nilivyosikia. Nilikosea. Akatikisa kichwa, akanirudishia mpini sikioni, akanianzisha upya. Amenirudisha mwanzo mara nne, Baba Naliaka, na jua linazama na sare hazijaisha, nami bado sijapata.

Lala vizuri. Nikipata, utasikia.

Mkeo, mwenye kelele,
Mama Naliaka